Dirisha la Kuchora

Nyumba ya Wambui huko ughaibuni, mji wa Eden Prairie, ilijengwa kwa mtindo wa majumba ya mashambani ya Uingereza, enzi za wafalme Joji: matofali mekundu, mlango katikati, madirisha kushoto na kulia sawasawa. Mtindo huo hauna mchezo na usawa. Ghorofani, mwisho wa kushoto, bomba la moshi lilipita ukutani, basi fundi akajenga matofali matupu na kuchora dirisha kwa nje, pazia likiwemo. Nyuma ya mchoro huo alilala Ernestine, mama yake Rachelle. Wambui alikuwa amemwajiri zamu ya usiku, awahudumie wazee waliotunzwa humo kwa malipo.

“Mama Rachelle, wewe unalala mchana,” Wambui alimwambia. “Giza si ndiyo poa?”

Ernestine hakuwa ameona jua tangu theluji ianze. Daktari alimpa vidonge vya vitamini D, lakini magoti yaliendelea kumuuma. Alilitaka jua lenyewe.

Jumamosi kwaya yake ya Wakongomani ilitoka mji jirani wa Crystal kuja kuombea chumba, kama wafanyavyo mwenzao akihamia mahali. Mzee Niyibizi, kiongozi wao, alikuwa ameliona dirisha kwa nje alipoegesha gari. Alipolikosa ndani hakusumbuka, akaupaka ukuta mafuta.

“Bwana, fenêtre, dirisha ya dada yetu, imekwama,” aliomba. “Uifungue.”

Asubuhi dirisha lilikuwa wazi, na jua limefika kitandani. Chumbani kwa Wambui, mwisho wa kulia wa ghorofa hiyo hiyo, dirisha lilikuwa limegeuka matofali. Bomba la moshi nalo lilikuwa limehamia huko, kimyakimya. Nyumba ilipewa madirisha manane ya kweli, na la tisa haikuwa na pa kulitoa. Wambui alitoka nje akatazama: yote tisa yalifanana.

“Tuta-switch rooms,” alisema. “Mimi na-need light ya kufanyia kazi.”

“Ndiyo, Madame,” Ernestine alijibu. “Lakini kwaya itakuja kuombea hicho kipya. Njo desturi yetu.”

Inakuja kila Jumamosi, na kila mara dirisha la kweli huhamia chumba alichopewa Ernestine. Jumapili Ernestine akitoka zamu hunyoosha miguu juani, hana haraka na mtu, na magoti yamepata nafuu kweli. Jumatatu vyumba hubadilishwa. Wageni wanaoleta wazazi wao husimama uani wakisifu jinsi pande zote mbili zilivyopewa sawa. Wakati huo Ernestine anapita korido ya nyuma ghorofani na godoro la Wambui mgongoni, kwa kuwa kuhamisha vitanda kumo katika kazi yake.