Nyota Kwenye Kiuno cha Konrodi

Mwanamke yule aliingia kwa mlango wa nyuma, ule tunaouacha wazi ili moshi utoke, akiwa amepakata kitu ndani ya taulo la jikoni kama anayepakata kitoto kichanga. Hatukumsikia. Kaka yangu Vinko alikuwa amelala chini ya gari lake akiimba vibaya, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya meza yenye seti mbili za konrodi, nikisubiriwa niseme ni ipi ifungwe.

"Nyie ndio akina Zupan?"

"Inategemea," Vinko alijibu kutoka chini ya gari. "Wewe ni polisi?"

Hakucheka. Aliliweka taulo mezani, akalifungua pindo baada ya pindo. Ndani mlikuwa na konrodi iliyokatika vipande viwili, nyeusi kwa moto upande mmoja, na upande wa pili ikimeta kama kijiko cha wageni.

"Niliambiwa nyota hii ni ya kwenu," alisema, akigusa alama ndogo iliyogongwa katikati ya chuma. Nusu ya nyota ilikuwa kwenye kipande kimoja, nusu kwenye kingine.

Ilikuwa yetu. Sikuhitaji hata kuinama.

Konrodi ni ule mkono wa chuma ulioshika pistoni kwa juu na krenki, mhimili unaozunguka, kwa chini. Katika injini ya mashindano unavutwa na kusukumwa kwa nguvu ambayo ukiikokotoa kwenye karatasi unatamani kuifuta. Ukikatika, haukai ndani. Unatoboa ubavu wa injini na kutoka, na mafuta ya moto yanaufuata.

"Mume wangu ni Doyle Tuttle," alisema. "Miguu imeungua. Mikono pia."

Vinko alijitoa chini ya gari, akasimama akijifuta. "Pole sana, mama. Lakini injini hupasuka. Mtu akikosea gia mara moja tu..."

"Kila mtu ananiambia injini hupasuka." Alinigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyesomea vyuma, sivyo? Uwanjani wanakusema, binti wa Zupan na miwani yake. Basi niangalizie. Halafu uniambie ulichoona, chochote kile, hata kama kosa ni lake. Hapati usingizi, mdogo wangu. Anauliza tu alikosea wapi."

"Nitakuja kukuambia," nilisema.

Nilisema kirahisi hivyo. Nilikuwa nimemaliza chuo majira yale ya joto, na niliamini kwamba ukweli ni kitu unachokibeba hadi mlangoni kwa mtu, naye akakipokea kwa mikono miwili. Aliitwa Arlene. Aliniambia wodi aliyolazwa mumewe, akalikunja taulo lake, akaondoka nalo.

Jumapili ile ilikuwa siku ya mwisho ya msimu kwenye uwanja wetu huku Ohio, na kwa mara ya kwanza Vinko alikuwa amefika fainali ya daraja lake. Robo maili, magari mawili, basi. Injini ilikuwa imefunguliwa kwa usafi wa mwisho. Juu ya meza kulikuwa na konrodi nzito zilizotoka kiwandani vilevile zilivyo, na nyepesi alizozipunguza baba kwa tupa na kuzing'arisha majira yote ya baridi, hadi ukiinama unajiona meno. Hizo nyepesi zilikuwa zimekimbia msimu mzima.

"Za Mzee," Vinko alikuwa amesema asubuhi. "Hizo nyingine kafunge kwenye trekta."

Kila konrodi iliyopita mikononi mwa baba iligongwa nyota. Muhuri ule wa chuma aliurithi kwa babu, mhunzi aliyeuvusha bahari mfukoni. Zamani baba aliigonga ubavuni mwa kichwa kikubwa, kile kinachoshika krenki, penye nyama ya kutosha. Lakini pale hakuna aliyeiona. Ndipo mwaka mmoja kabla akaihamishia kiunoni, pale palipo pembamba, ili dereva akifungua beseni la mafuta na kumulika kwa tochi aikute inamtazama. "Ajue kuna mtu aliyemfikiria," aliniambia. Mimi, na masomo yangu yote, niliona ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye gereji ile.

Nilichukua kioo cha kukuzia. Chuma kilichokatika ghafla huwa na uso wa kijivu uliokwaruzika. Huu haukuwa hivyo. Ulikuwa na mistari myembamba iliyopindana, kama ile ya gamba la kome, na kila mstari ulikuwa mahali ambapo ufa ulipumzika kabla ya kuendelea na safari. Niliifuata kurudi nyuma, ikizidi kuwa midogo, hadi ikakusanyika kwenye nukta moja.

Ncha ya nyota.

Niliangalia tena. Nilitafuta doa katika chuma, kutu, alama ya tupa, kitu chochote kisichokuwa na jina letu. Kila mara nilirudi palepale.

"Mbona kimya, profesa?" Vinko aliuliza.

Nilizivuta konrodi nyepesi, zake, nikazipaka mafuta ya taa moja moja, nikazifuta zikakauka, nikazipulizia unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa hurudi nje taratibu na kulowesha chaki. Tukangoja. Ya kwanza ilibaki nyeupe. Iliyofuata pia, na Vinko akaanza kupiga mluzi. Kisha kwenye iliyofuata nikaona unywele mweusi ukichomoza kutoka kwenye nyota, ukijinyoosha kwenye chaki, bila haraka, kama kitu kilicho hai kinachoamka.

Mluzi ulikatika.

"Jumapili iliyopita nilikimbia na hii," Vinko alisema.

"Ndiyo."

"Milena, nilikuwa natafuna chingamu." Aliketi juu ya tairi, akaitazama miguu yake. "Nilikuwa nawaza nile nini jioni."

Baba alitukuta hivyo, amebeba samaki wa kukaanga wa Ijumaa kutoka ukumbi wa parokia, karatasi imelowa mafuta. "Nani amemwagia chaki kazi yangu?" alianza kwa sauti yake ya utani. Kisha akakiona kipande cheusi. Alikigeuza kiganjani mara moja tu.

"Ya Doyle," alisema. Alizijua zote.

Nilimwonyesha jinsi ufa ulivyoanzia pale muhuri ulipochimba chuma chembamba. Sikutumia neno hata moja la chuoni. Alitazama kupitia kioo muda mrefu, na alipokiweka chini alikiweka polepole sana, kana kwamba meza ilikuwa imelala.

"Nilitaka tu..." alisema.

"Mkewe alikuwa hapa," nilisema. "Nimemwahidi kumwambia nitakachoona."

"Basi mwambie baada ya msimu!" Vinko alisimama. "Ukisema, hakuna atakayetuletea hata mashine ya kukatia nyasi. Huyu ni baba, Milena. Ni mikono yake."

Nilimtazama baba. Nilitamani aniambie nisiende, ili nipate wa kumlaumu. Yeye alikuwa ameshaifikia simu ya ukutani.

"Kuna wengine wenye nyota," alisema. "Na Jumapili wote wanakimbia."

Namba ya kwanza iliita bila kupokewa. Tulisimama tukiusikiliza mlio ule ukitoka kwenye simu na kuijaza gereji, na sijawahi kuogopa sauti kama ile, si kabla wala baada. Hatimaye mtu alipokea. "Usiiwashe," baba alisema, hata salamu hakutoa. "Usiiwashe tu, nisikilize."

Vinko alifunga zile nzito. Jumapili alishindwa kwa urefu wa gari, na majira yale ya baridi gereji yetu ilikuwa kimya hadi unasikia theluji ikidondoka kutoka kwenye mabati. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi asubuhi, njiani kwenda hospitali, nilikuwa bado na nafasi ya kugeuza gari, na nilipunguza mwendo kwenye kila njia panda.

Arlene alinikuta kwenye korido ya wodi. Taulo lilikuwa begani kwake.

"Nilidhani hutakuja," alisema.

Nilifungua mkoba aone chuma. Alielewa, akanisogezea pazia. Doyle alikuwa macho, mikono imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko, asiweze kushika kitu. Niliomba taa iwashwe. Nikakileta kipande cha chuma karibu na uso wake, nikamshikia kioo mbele ya jicho. Nikauegemeza mkono kwenye ukingo wa kitanda ili kioo kisicheze.

"Anzia hapa," nilimwambia. "Hapa, kwenye ncha ya nyota yetu."