Vikaratasi Kumi na Vinne

Mwanatumu binti Shee alikuwa mtu wa kuhesabu. Alihesabu vijiko baada ya karamu, alihesabu kanga kambani kabla ya kufunga dirisha, na akishuka ghorofa moja tu kwenda kununua mkate wa mofa, mlango wa juu aliutia kufuli na kulivuta mara mbili. Wala usidhani aliwahi kuibiwa. Hata sindano haikuwahi kumpotea. Yeye aliona hiyo ndiyo dalili kwamba kuhesabu kwake kwafaa.

Alikuwa mwalimu wa chuo cha wasichana, mjane wa mwaka wa tatu, akikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Mumewe, marehemu Zein, alikuwa fundi wa redio. Mwaka aliostaafu alinunua tangi la vioo na samaki wawili weusi, wale wasiotaga mayai bali huzaa watoto wazima wazima, wadogo kuliko punje ya mchele. Wale wawili walishakufa zamani. Waliokuwapo sasa walikuwa wajukuu wao, watano, na mwezi ule wa nane mmoja alikuwa amezaa watoto kumi na tisa. Mwanatumu aliwatenga kwenye chupa kubwa ya achari ili wakubwa wasiwale. Nguo za Zein alishazigawa sadaka, redio zake zilikwenda kwa mafundi wenzake. Kilichobaki nyumbani humo ambacho mkono wa Zein ulikilisha, na ambacho bado kilikuwa hai, ni kizazi hicho cha samaki.

Sasa chuo kimefunga, na binti yake Fairuz, aliyeolewa Tanga, anapiga simu kila siku: mama njoo upumzike, mama wiki mbili tu. Mwanatumu akaishiwa na visingizio. Ikabaki habari ya samaki.

Chini alikaa mpangaji, Nyevu, Mgiriama wa Kaloleni, mwanamke wa miaka arobaini hivi, karani wa kuhesabu magunia kwenye ghala moja la Shimanzi. Miaka mitano walikuwa wakipeana moto na chumvi. Mwanatumu akirudi sokoni na mikono imejaa, alisimama kwenye ngazi akaita, "Nyevu!" na Nyevu akapanda, akachukua ufunguo, akamfungulia. Kama kulikuwa na mtu wa kumwachia nyumba, ndiye huyo. Lakini kumwachia mtu ufunguo ni jambo moja, na kumwamini ni jambo jingine.

Zein alikuwa akiwapa samaki chakula kwa ncha za vidole viwili, asubuhi mara moja, na Mwanatumu akafuata vivyo hivyo. Lakini usiku wa kufungasha alikaa na mkebe wa chakula mapajani, akawaza. Mkono wa mtu huwa mfupi kwa kiumbe kisicho chake. Ukimpimia Nyevu cha kutosha, atatoa nusu. Basi akakata gazeti vipande kumi na vinne, na katika kila kipande akatia kijiko kizima cha unga wa samaki, akakisokota juu kama kikaratasi cha njugu, akaandika namba: moja, mbili, tatu, hadi kumi na nne. Akavipanga kwenye sinia kando ya tangi.

"Kila siku kimoja, mwanangu," alimwambia Nyevu asubuhi yake. "Wakubwa uwape, na wadogo uwanyunyizie kidogo mumo humo. Usibakishe kitu. Na kila siku n'tumie picha niwaone."

"Sawa, mwalimu. Usiwe na shaka."

Maneno hayo ndiyo yaliyompa shaka. Kwani nani aliyesema kuhusu shaka?

Tanga ilikuwa nzuri. Fairuz alimpikia kila alichokipenda na kumkataza kushika hata ufagio. Mwanatumu alikaa barazani na simu mkononi, akingoja picha. Siku ya kwanza picha ilikuja: samaki watano, chupa, sinia. Siku ya pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu haikuja kitu mpaka magharibi, na ilipokuja ilikuwa imepigwa kwa karibu mno, samaki mmoja tu, jicho na mkia.

Akapiga simu. "Wenzake wako wapi?"

"Wapo, mwalimu. Wazima wote."

"Mbona hukuwapiga wote?"

"Simu yangu hainasi vizuri. Wewe pumzika, mwalimu. Fairuz kasema tusikuchoshe."

Basi, hao sasa wana mazungumzo yao na Fairuz! Mwanatumu alimtazama binti yake akipeta mchele, akaona hata yeye ana sura ya kuficha neno. Usiku ule hakula vizuri.

Siku ya tano, katika salamu tu, Nyevu akateleza. Alisema amechelewa kupiga kwa sababu alipitia Tononoka.

"Tononoka kuna nini?"

"Kuna kijana mmoja, Kingi, anauza samaki hawa wa mapambo. Nilikuwa na la kumuuliza."

La kumuuliza! Mwanatumu hakumwuliza ni lipi. Alikata simu taratibu. Karani wa Shimanzi, mtu wa magunia, ana haja gani na muuza samaki wa mapambo, kama si kumuuzia?

Siku ya sita picha ilikuja nzima, tangi lote. Mwanatumu aliikuza kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na mjukuu wake, akaipekua pembe kwa pembe. Samaki watano walikuwapo, lakini mahali pa chupa ya achari palikuwa na duara la vumbi. Akaitazama sinia, akahesabu vikaratasi, akarudia kuhesabu. Vilipaswa kubaki vinane. Vilikuwa kumi na viwili.

Damu ilimpanda. Siku nne samaki wa Zein hawajatiwa kitu mdomoni, na watoto wameshapelekwa Tononoka wakauzwe! Na yule mwanamke anajibu "wazima, mwalimu," kwa sauti laini vile! Alitaka kumpigia palepale amtoe mashetani, kisha akajizuia. Mwizi ukimshtua, huficha. Akampigia shemeji yake.

Athmani, mdogo wake Zein, alikuwa mwalimu wa fikhi, mzee mwenye macho yaliyoanza kuingia ukungu, na kwa jambo la wajibu hakuwa na mzaha hata chembe.

"Badilisha kufuli," Mwanatumu alimwambia. "Leo hii. Wala usimwambie kitu. Wewe uwe wapanda baada ya alasiri, yeye yuko kazini. Vikaratasi vina namba."

"Inshallah, shemeji. Amana ni amana."

Asubuhi ya siku ya saba Nyevu alipiga simu. Mwanatumu aliiacha ilie. Akapiga tena. Kisha zikaanza kuingia jumbe za sauti, moja, mbili, na siku zilizofuata nyingine tena. Mwanatumu aliziona zimejipanga wala hakuzifungua. Anajua sauti ya mtu anayejitetea. Ana miaka thelathini ya kuisikia darasani.

Jioni alimpigia shemeji yake. "Chupa ya watoto waiona?"

"Chupa haipo."

"Nilijua. Na wakubwa?"

"Nimewapa, alhamdulillahi. Lakini shemeji, wale viumbe wamedhulumiwa. Kikaratasi cha tatu, cha nne, cha tano na cha sita vyote viko na vyakula vyake. Siku nne kamili. Nikaona hii ni kadha kama kadha ya saumu, siku iliyompita mtu hulipwa. Nimewalipia zote nne, na cha leo juu yake."

Mwanatumu aliguswa. Huyo ndiye mtu. "Mungu akujazi, shemeji. Walikula?"

"Walikuja juu wote kwa pamoja. Maskini, walikuwa na njaa."

Baada ya hapo Tanga ikawa tamu. Alikula, akalala, akacheka na wajukuu. Siku ya tisa Athmani alimwambia wametulia, hawana tena ile fujo ya kukimbiakimbia. Siku ya kumi na moja akasema wametulia kabisa. Mwanatumu alimwambia Fairuz, "Waona? Mtu akishiba hutulia."

Alirudi Jumamosi, siku ya kumi na nne. Athmani alimngojea barazani, akampa ufunguo mpya, akapanda naye. Harufu iliwapokea kwenye ngazi.

"Hii ni nini?" Mwanatumu aliuliza.

"Samaki ni samaki," alisema Athmani. "Hawakosi harufu."

Tangi lilikuwa jeupe, zito, la rangi ya tui. Pampu ilikuwa ikikoroma, ikitoa mapovu yasiyopasuka. Juu, katikati ya unga uliovimba, walielea watano, matumbo yamegeuka. Kwenye sinia hapakuwa na kikaratasi hata kimoja.

"Wametulia," Athmani akasema, macho yake ameyakaza kwenye kioo asione kitu. Kisha akaiona sura ya shemeji yake kwa karibu, akarudi nyuma.

Mwanatumu alimwomba aende nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha Zein, akatoa simu, akafungua jumbe za sauti moja baada ya nyingine, kwa sababu hakuwa tena na kitu cha kuhesabu.

"Mwalimu, sabalkheri. Ufunguo haufungui, sijui kufuli limeharibika. Nataka kuwaangalia." Hiyo ya kwanza. Ya pili ilikuwa ndefu zaidi. "Mwalimu, nikwambie kweli. Siku zile mbili za mwanzo nilitia kikaratasi kizima kama ulivyosema, na maji yakabadilika, samaki wakawa wanahema juu juu. Nikasita kuwapa, nikaenda kwa Kingi. Akasema chakula kimezidi, kikaratasi kimoja chatosha wiki nzima, niwafungishe siku mbili, nipunguze maji kidogo kidogo, kisha niwe natoa kwa ncha ya kidole. Sasa yamesafika. Nilikuonea haya, wewe ni mwalimu, ningekwambiaje umepima vibaya? Wadogo nimewashusha kwangu, chupa ilikuwa yapigwa na jua."

Ya tatu: "Mwalimu, nimesikia mtu juu, nilipopanda keshaondoka. Kama kuna anayewalisha, mwambie asitie kikaratasi kizima. Tafadhali." Ya nne ilikuwa hiyo hiyo, kwa sauti ya chini. Ya tano aliguna tu, kisha akasema, "Basi, mwalimu. Nimeelewa."

Mwanatumu alilia. Alilia kwa kwikwi, peke yake, na samaki wa Zein wakielea mbele yake. Kisha akanawa uso, akatoka, akautia mlango kufuli, akalivuta mara mbili. Ni mazoea. Akashuka.

Nyevu alikuwa ameketi mkekani, amerudi kazini, miguu ameinyoosha. Chupa ya achari ilikuwa mezani, kivulini, imefunikwa kitambaa cheupe. Hakuinuka.

"Karibu, mwalimu. Pole na safari."

"Nyevu mwanangu," Mwanatumu alianza. "Wamekufa. Wakubwa wote."

"Nilijua watakufa. Niliisikia harufu juzi." Nyevu alikunja miguu. "Pole. Najua walikuwa wa nani."

Akasimama, akatoa kitambaa, akaleta chupa akaiweka mbele ya mgeni wake. Ndani walicheza watoto, wamekua, weusi ti, kila mmoja sasa ana mkia unaoonekana. Shingoni mwa chupa kulikuwa kumefungwa uzi, na kwenye uzi, ufunguo wa zamani.

"Wahesabu, mwalimu," alisema Nyevu.

"Sina haja ya kuhesabu."

Lakini macho yake yalikuwa yameshafika saba kabla hajayazuia, na Nyevu aliyaona yakienda.

"Kumi na tisa," Nyevu akamsaidia. "Kila asubuhi, kiasi cha kushika kwenye ncha ya kucha. Si zaidi. Maji punguza kikombe kimoja, ongeza kikombe kimoja."

Mwanatumu aliufungua mkono. Ufunguo mpya ulikuwa umemwachia alama kiganjani. "Chukua huu. Uwe nao wewe. Nimekukosea, Nyevu. Nimekudhania mabaya makubwa, nisamehe."

Nyevu alimtazama bila hasira, na hilo lilimuuma Mwanatumu kuliko matusi.

"Nimekusamehe, mwalimu. Lakini ufunguo sitauchukua. Mimi nalala vizuri nikijua sina kitu cha mtu." Akamwekea chupa mikononi. "Ukisafiri tena, mwambie shemejio. Umwambie na habari ya ncha ya kucha."

Mwanatumu akapanda ngazi polepole, chupa ameikumbatia kwa mikono miwili asije akamwaga maji. Alipofika juu, kufuli lilikuwa pale, jipya, limefungwa sawasawa. Sakafu ya hapo mlangoni ilikuwa imeinama upande na ngazi ni nyembamba, chupa haiwezi kusimama. Ufunguo mpya ulikuwa umebanwa kati ya vidole na kioo, na hakuwa na mkono wa tatu.

Akageuka kuelekea chini, akavuta pumzi ya kuita. Jina lilikuwa tayari mdomoni, jina la miaka mitano, kisha akalimeza. Akakaa kwenye ngazi, chupa mapajani, watoto wa Zein wakizunguka ndani yake, akangoja mtu mwingine apite.