Shimo la Barafu Jikoni kwa Marlys

Lisemwalo lipo, watu husema. Katika mahakama za Wisconsin, lililopo ndilo lisilosemwa. Marlys Tollefson alikuwa bado hajalijua hilo asubuhi ile ya Februari, akikaanga mayai huku akilizunguka shimo.

Shimo lilikuwa la mviringo, upana wa ndoo, katikati ya sakafu ya jikoni. Ukingo wake ulikuwa barafu, maji yake meusi. Majira yote ya baridi mumewe, Verlyn, aliaga kila Jumamosi kwamba anakwenda ziwani kutoboa barafu avue. Jioni alirudi na samaki waliokwisha kutolewa mifupa.

"Leo ziwa limekupenda," Marlys alimwambia, akiwakaanga.

"Limenipenda kweli."

Ziwani hakutoboa kitu. Shimo ambalo hakulitoboa lilitokea jikoni, na aliyeinama aliona ndani yake kitanda cha Connie wa duka la dawa. Chini ya kitanda kulikuwa na viatu vya Verlyn vya kuvulia samaki, vikavu.

Marlys alidai talaka, ila hakutaka nyumba wala gari. Alitaka jaji ainame shimoni mara moja tu.

"Dada yangu, usijichoshe," wakili wake, Bi Odegaard, alimwambia njiani kwenda mahakamani. "Huku kwetu sababu ya talaka ni moja: ndoa imevunjika, haitengenezeki. Nani kaivunja, hawaulizi."

"Hata jaji akiona kwa macho yake?"

"Hata akitumbukia."

Shimo liliwafuata. Lilifunguka mbele ya meza ya jaji, na karani akaleta kile kibao cha manjano cha kuonya watu wasiteleze.

"Ndoa yenu imevunjika?" jaji aliuliza.

"Mheshimiwa, tazama humo ndani, utamwona aliye—"

"Mama, nimeuliza kama imevunjika."

Jaji alivuta joho lake lisilowe. Samaki mmoja aliruka, akaanguka karibu na kiatu cha Verlyn, akagaagaa, akarudi majini. Verlyn alipangusa kiatu kwa leso.

"Imevunjika," Marlys alisema, kwa sauti ya chini hata karani akamwomba airudie kauli yake. Akairudia.

Jaji alitia saini, akawatakia wote wawili safari njema, maana theluji ilikuwa inaanguka.

Jumamosi iliyofuata Verlyn alikuja kuchukua kekee yake ya kutobolea barafu. Ilikuwa bado na karatasi ya dukani. Marlys alikuwa ameketi jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, kamba ya ndoano mkononi, kama baba yake alivyomfundisha utotoni.

"Verlyn, hapa hakuna jaji wala wakili," alisema. "Niombe radhi tu. Neno moja, kisha nenda."

Verlyn alichungulia shimoni. Kule chini Connie alikuwa akitandika kitanda. Verlyn akaliruka shimo, kekee begani, akasimama mlangoni.

"Jaji hakumwona mwenye kosa, Marlys. Siombi radhi."