Kadi Mbili za Kioski cha Kalamba

Ufunguo wa kioski cha maji ulikuwa mezani, na Ndinda alijizuia kuutazama. Miaka minne ameuvaa shingoni, na kazi ile ndiyo inayomweka binti yake chuoni Kitui. Asubuhi hiyo kamati ya maji ilimwambia, mbele ya watu waliojaa chumbani, auvue, auweke karibu na chupa ya chai, mpaka ijulikane ni nani anayekunywa maji ya Kanini.

Kanini hakuwa na shaka. Tangu mwezi uliopita alikuwa akijaza kadi yake kwa simu, lita mia mbili kila wiki, na kila ikigusishwa kwenye mashine ya kioski anaambiwa haina kitu.

"Mimi sisemi mwizi," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema mwizi. "Nasema tu anayelala na ufunguo ni mmoja."

"Mwaitu, mama yangu, ningekuwa naiba maji yote hayo," Ndinda akamjibu, "si hata sukuma wiki yangu ingekuwa imenenepa?"

Wawili watatu walicheka. Mwenyekiti, Mzee Nzioka, hakucheka. Alimwita Haroun, fundi wa simu anayetoka Sultan Hamud kila siku ya soko.

"Lita sitaziona, zimefungwa huko ndani," Haroun alisema. "Lakini kila kadi ina namba yake iliyowekwa kiwandani, na hiyo haifutiki hata uioshe na sabuni ya unga. Simu yangu inaisoma."

Akaweka kadi ya Kanini nyuma ya simu. Kimya. Akatoa kava, akaisogeza kadi juu kidogo, simu ikatetemeka. Kwenye app ikatokea aina ya kadi, kisha namba na herufi zimejipanga.

"Mwisho wake ni 7B 4C."

Ndinda akafungua daftari la kusajili, ambamo alikuwa ameandika namba ya kila kadi siku zilipogawiwa. Kidole chake kilishuka, kikasimama. "Kanini ni 19 E2," alisema. "Hii ya 7B 4C ni ya Muli."

Wote wakageuka. Muli, mchoma matofali, alikuwa nyuma, amekaa juu ya ndoo. Alitoa kadi yake mfukoni polepole. Simu ikatetemeka tena: 19 E2. Kumbe maji aliyoyalipia Kanini kwa simu yalikuwa yakiingia humo.

"Ulilipia kadi yako lini mara ya mwisho?" Mzee Nzioka akamuuliza.

"Mwezi uliopita. Tangu hapo kadi ikigusishwa, maji yanatoka tu. Nikajua ni wafadhili."

"Na hukuuliza mtu?"

"Mzee, maji yakitoka hapa Kalamba, wewe huuliza ama huweka mtungi?"

"Sasa kadi yangu ilifikaje kwako?" Kanini akasema.

Hapo Ndinda akafunga daftari. Kalamba hakuna anayesimama foleni ya maji. Mtu hufunga kadi kwenye mkono wa mtungi kwa kipande cha mpira, akauacha mtungi umshikie nafasi, naye akaenda sokoni. Ndinda ndiye hugusisha, hujaza, hufunga kadi tena. Maandishi ya juu yalishafutika zamani, kadi zote zimebaki nyeupe. Sasa akakumbuka ile Alhamisi maji yaliporudi baada ya siku tatu. Mitungi ilikuwa thelathini, na ili aende haraka alifungua kadi zote akazitia mfuko wa aproni.

Angeweza kunyamaza. Daftari lilikuwa limeshamtetea.

"Ni mimi," alisema. "Sikuiba. Lakini nilizifungua pamoja siku ile ya foleni ndefu, nikazirudisha vibaya."

Mzee Nzioka alivuta ufunguo upande wake. Mtu mmoja akasema basi apewe kijana mwenye macho.

Kanini ndiye aliyeguna. "Mzee, mrudishie. Mkileta mwingine atakuja kujifunzia makosa kwa kadi yangu. Huyu yake ameshayamaliza."

Mzee alifikiri, akausukuma ufunguo mezani hadi kwa Ndinda. "Kuanzia leo, mtu na kadi yake mkononi," alisema. Nje watu walikuwa wamekwishaanza kumzunguka Haroun, kila mmoja na kadi nyeupe.

Kanini hakutoka. Alimgeukia Muli.

"Sasa wewe mwenye wafadhili. Maji yangu umefyatulia matofali mangapi?"

Muli akaanza kueleza kwamba mengi bado ni mabichi, hayajauzwa.