Kodi Tu

Kaka kapiga simu, jamani. Na hakunipigia mimi, kampigia Baba. Ngojeni nianze mwanzo, maana nikisimulia nilivyojaa hivi hamtaelewa kitu.

Baba ni fundi cherehani. Kaka alipokataa cherehani akaenda kusoma ng'ambo, wakakosana, na huu ni mwaka wa pili hawasemeshani. Salamu zote zinapitia kwangu. Ila kodi ya chumba cha kaka, Baba hajawahi kuichelewesha. Kila tarehe ishirini na tano anapiga pasi shati, anafunga duka, anakwenda benki kupanga foleni, anajaza fomu ya kutuma hela za kigeni, anarudi miguu imevimba.

Mimi nimemaliza chuo juzi, uhasibu, kichwa kinachemka. Nikamwambia Baba afungue akaunti ya fedha za kigeni, anunue hela siku bei ikishuka, benki iwe inatuma yenyewe kila mwezi. Aliniangalia kama nimemwambia auze cherehani. Nikambembeleza wiki nzima mpaka akatia sahihi. Fomu nilijaza mimi. Palipoandikwa "maelezo ya malipo" nikaweka KODI, basi, mwaka mzima.

Tarehe ikafika, hela zikaenda zenyewe. Nikatembea kwa madaha. Baba alishinda dukani akifumua mshono uleule mara tatu.

Kesho yake asubuhi simu yake ikalia juu ya meza ya kukatia. Mikono yake ilikuwa imeshika nguo, nikampokelea nikaweka sauti ya nje.

"Baba, unaumwa?" Ni kaka.

Baba akauliza nani kasema anaumwa.

"Karatasi imeandikwa kodi tu."

Kumbe kwenye yale maelezo kuna visanduku thelathini na tano, kila kimoja herufi moja, na miezi yote hiyo Baba alikuwa anaongea na mwanawe humo. Vaa koti. Mtihani usikutishe. Mama mwenye nyumba wa kule, asiyejua hata neno moja la kwetu, kila akipokea hela anachapa risiti yenye maneno hayo anaipitisha chini ya mlango wa kaka, akidhani ni mambo ya kodi. Kaka anazo zote ishirini na mbili, kazibandika juu ya kitanda. Na vile vipande vya kitambaa vyenye chaki ninavyovifagia kila mwezi, mimi nikijua ni vipimo vya wateja, kumbe mzee alikuwa anahesabu herufi zitoshe kwenye visanduku.

Haya, msomi mimi.

Sijui nikohoe, sijui nitoke nje.

"Lile koti mikono imekuwa mifupi," kaka akasema.

Baba akavuta kiti, akakaa. Akamuuliza kama ana futi ya kupimia. Hana. Akamwambia achomoe kamba ya kiatu, apimie hiyo, halafu ailaze kwenye rula.

"Anzia begani. Usijinyooshe, simama kama unavyosimama siku zote."

Akanipungia mkono niandike. Karatasi ya karibu ilikuwa nakala ya ile fomu yangu ya benki. Nikaigeuza nyuma nikaandika vipimo, bega, mkono, kifua, machozi yananichuruzika kama mjinga.

Koti jipya limekwisha jana. Nimemuuliza Baba nikabadilishe yale maelezo benki, kasema niache, kodi iwe kodi. Sasa hivi anapiga pasi shati. Nimemuuliza anakwenda wapi.

Kasema posta, na nisimtafutie njia ya mkato.