Ziwa Lililokuja Kuhani

Niliota usiku wa jana maziwa matatu ya kisiwa chetu, yale wanakopelekwa wageni kupiga picha, yamesimama mlangoni kwangu yanapiga hodi.

"Karibuni," nikasema. "Ila kwangu haingii mtu na viatu."

Basi yakavua kingo zao, yakazipanga kizingitini kando ya ndara moja ya marehemu kaka yangu Sudi, ambayo sijapata kuiondoa pale. Ziwa Mlembo, ndilo kubwa, likakaa kwenye kochi. Ziwa Chamvuo lilikuja na kiboko wake. Lilimfunga nje kwenye mpapai, akawa anatafuna mchicha wangu. La tatu likajikunyata kwenye kona ya mkeka, karibu na mlango. Nilijua ni Kijiwe. Ndilo lililomzamisha Sudi, na tangu siku ile sijachota maji yake hata ya kunawa.

Mlembo likakohoa, chura akatoka, likaomba radhi. "Bi Hidaya, tumemleta mwenzetu. Amekuja kukuhani."

"Leo? Miaka yote hii alikuwa wapi?"

"Niliona haya, dada," likasema Kijiwe. "Aliteleza, nikamshika. Sikujua kwamba kushika kwangu ndiko kunakoua."

Mara sebule iko chini ya maji. Kochi ni lilelile, perege wanapita kati ya vikombe. Namimina chai, wala haimwagiki.

"Nimeleta ndara yake," linasema Kijiwe. "Na neno. Alinituma nikwambie..."

"Koma! Usimtaje Sudi kwa mdomo huo."

"Ni neno fupi, dada."

"Toka kwangu!"

Naziba masikio. Kijiwe linainuka, linavaa kingo zake, wa kushoto kulia, linaondoka hivyo hivyo. Ndipo moyo unaniuma. Natoka mbio. "We Kijiwe! Rudi basi! Kasemaje?"

Nje yupo kiboko tu. "Mimi sikuambiwa," anasema, mdomo umejaa mchicha.

Nikaamka. Kona ya mkeka, ile ya mlangoni, ilikuwa imelowa. Na pale kizingitini ndara zilikuwa mbili.

Jamani, nilijuta. Nikazivaa, zinanipwaya, nikachukua ndoo nikaenda Kijiwe. Nimekaa hapa ukingoni tangu asubuhi. Nimeshaomba radhi, ndoo nimeshaijaza, na bado nasubiri hilo neno fupi.