Tawi la Vigogota

Vilma Pedrazzi alianza kuhesabu ndege wa mialoni akiwa msichana, na wakati wa msiba ninaousimulia alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mimi ni jirani yao, ng'ambo ya korongo. Vilma na kaka yake Arlo walibaki wawili katika ranchi ya baba yao, na walikuwa na ugomvi mmoja tu: mwaloni mkuukuu ulioinamia banda la kuhifadhia majani makavu.

Ndani yake ulikuwa umeoza. Lakini ukoo mzima wa vigogota, ndege wanaotoboa miti, uliishi humo, kumi na mmoja, wakilea makinda kwa pamoja, shangazi na wajomba wote wakileta wadudu. Katika matundu yao ya zamani walikaa kama wapangaji ndege wa buluu na bundi mdogo.

"Mti huu utatuua, acha niukate," Arlo alisema mwezi wa tano.

"Subiri makinda waruke, kaka. Wiki tatu tu."

"Wewe ungezaliwa na mabawa, mama asingepata taabu ya kukulisha." Lakini alisubiri. Hajawahi kumnyima kitu.

Siku ya kumi na sita ya kusubiri, saa nane mchana, kulikuwa na joto kali na hata jani halikutikisika. Arlo alikuwa akipanga marobota ya majani mbele ya banda, chini ya mwaloni. Tawi lilikatika bila upepo, likamwangukia kwenye mguu wa kulia, chini ya goti.

Vilma alijaribu jeki ya pikapu, ikazama ardhini. Alijaribu nguzo ya uzio, ikavunjika. Damu ilikuwa inanywewa na vumbi, na simu haishiki mtandao pale. Akamfunga mguu kwa mkanda, kisha akachukua msumeno wa mashine.

Tawi lilikuwa nene kama pipa. Mahali pamoja tu palikuwa pembamba kiasi cha kukatika haraka, pale lilipokuwa na shimo ndani. Ndimo walimokuwa makinda. Akasikia wanalia. Akaingiza mkono kwenye tundu, ukakwama kwenye kifundo cha mkono. Wazazi walikuwa wakimpiga mabawa usoni.

"Vilma," Arlo akasema, midomo myeupe. "Unafanya nini?"

"Wamo humu. Wanne au watano."

"Vilma, sioni vizuri."

Akawasha msumeno.

Mimi niliusikia kutoka kwangu, kisha nikasikia sauti ya Vilma juu ya mashine, sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Nilishuka korongo mbio. Nilipofika alikuwa amemaliza kukata, anasukuma kipande kwa bega, mikono imejaa unga wa mti na manyoya. Tulisukuma pamoja. Arlo alizirai tulipomvuta.

Nikampakia garini. Vilma alikaa nyuma amemshika kichwa, na njia nzima alirudia, "Nilimwambia asubiri. Mimi ndiye niliyemwambia."

Hospitalini waliukata mguu chini ya goti. Arlo alirudi nyumbani baada ya mwezi, amekonda, mkali kama pilipili.

Vigogota waliendelea kuja na wadudu mdomoni kwa siku tatu, wakizunguka pale hewani palipokuwa na tundu. Vilma aliwatazama kutoka dirishani. Hakuandika hesabu yao.

Mwezi wa kumi, viota vikiwa vitupu, nilileta msumeno wangu.

"Niukate mti?" nikamuuliza Vilma.

"Muulize kaka."

Arlo alikuwa kibarazani na magongo yake. "Mimi nilishasema tangu mwezi wa tano," akajibu. "Sasa aseme yeye."

Vilma aliutazama mti. Nilidhani atalia.

"Sijui, jirani," akasema. "Kweli sijui tena lililo jema." Akaingia ndani akafunga mlango.

Nikarudi kwangu na msumeno wangu. Hakuna aliyeniita kuukata mti.